Mjadala: Je, Nuno Espírito Santo ni kocha wa kweli au amebebwa na wakala?

Ndugu wanajamvi, kila mara Nuno Espírito Santo anapopata kazi mpya au kibarua chake kinapoota nyasi, hurudi hoja ileile: kwamba kocha huyu Mreno hana lake jambo, kwamba kila kiti alichokalia aliwekewa na wakala Jorge Mendes, na kwamba kumsifu yeye ni kuusifu mtandao wa biashara unaoharibu soka. Naipinga hoja hiyo, ingawa sehemu yake inayomhusu Mendes ina ukweli mwingi kuliko watetezi wa Nuno wanavyopenda kusikia.

Tuanze na ukweli huo. Nuno alizaliwa Januari 1974 katika nchi ya visiwa ya São Tomé na Príncipe, ilipokuwa bado koloni la Ureno, akakulia Ureno na kuwa kipa wa Vitória de Guimarães. Katika miaka ya 1990 alifahamiana na Mendes, ambaye wakati huo alikuwa mwenye ukumbi wa disko na hakuwa na jina lolote katika biashara ya wachezaji. Mendes ndiye aliyefanikisha uhamisho wake kwenda Deportivo La Coruña ya Hispania, na huo ndio uliomfungulia wakala huyo njia. Anayesema kwamba Nuno alitengenezwa na Mendes hana budi kuongeza kwamba Mendes naye alianzia kwa Nuno.

Uwanjani hakuwa nyota. Hispania alitolewa kwa mkopo Mérida na Osasuna, na alipojiunga na Porto ya José Mourinho mwaka 2002 alimkuta Vítor Baía langoni. Medali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2004 aliipata akiwa benchi. Desemba mwaka huohuo, katika fainali ya Kombe la Mabara iliyochezwa Yokohama dhidi ya Once Caldas ya Kolombia, Baía alipatwa na tatizo la moyo mechi ikielekea ukingoni. Nuno akaingia, na Porto wakatwaa kombe kwa penalti 8-7. Timu ya taifa ilimwita katika Euro 2008 baada ya Quim kuumia, lakini hakuwahi kuichezea hata mechi moja.

Ushahidi mzito wa wanaosema amebebwa unatoka Wolverhampton Wanderers (Wolves). Klabu hiyo ilinunuliwa mwaka 2016 na kampuni ya Fosun ya China, ambayo kupitia kampuni yake tanzu ilipata pia hisa katika kampuni mama ya Gestifute, yaani kampuni ya uwakala ya Mendes mwenyewe. Nuno alifika mwaka 2017 akaikuta timu iliyotoka kumaliza nafasi ya 15 katika ligi ya daraja la pili, na mara moja akaletewa Rúben Neves, kijana wa miaka 20 aliyekwisha kuwa nahodha wa Porto katika Ligi ya Mabingwa, pamoja na Diogo Jota kwa mkopo kutoka Atlético Madrid, wote wakiwa wachezaji wa Mendes. Mmiliki wa Leeds, timu ya daraja hilohilo, Andrea Radrizzani, alilalamika hadharani kwamba huo haukuwa ushindani wa haki. Wasimamizi wa ligi walilitazama suala hilo wakajibu kwamba Mendes hakuwa na cheo chochote ndani ya klabu. Jibu hilo halikuniridhisha wakati ule na haliniridhishi leo, kwa sababu malalamiko hayakuwa juu ya cheo bali juu ya ukaribu.

Hata hivyo, mbeleko ilimfikisha mlangoni tu. Hoja ya wakala haiwezi kumweleza Conor Coady, kiungo aliyekuwapo Wolves kabla ya Nuno, ambaye alirudishwa nyuma kuwa beki wa kati katika mfumo wa mabeki watatu na mwaka 2020 akaichezea Uingereza. Haiwezi kumweleza Matt Doherty, aliyekuwa klabuni tangu 2010, akageuzwa kuwa beki wa pembeni wa kupanda mbele aliyekuwa akifunga mabao ya Ligi Kuu. Wala haimwelezi kipa John Ruddy, aliyechukuliwa bure baada ya kuachwa na Norwich.

Tuitazame mechi ya Aprili 6, 2018 ugenini kwa Cardiff City, timu iliyokuwa ikiwafukuzia Wolves kileleni. Neves alifunga kwa mpira wa adhabu, 1-0. Katika dakika za nyongeza Cardiff walipata penalti, na Ruddy akaipangua ya Gary Madine; muda mfupi baadaye wakapata ya pili, na Junior Hoilett akaupiga mwamba. Filimbi ya mwisho ilipolia Nuno aliingia uwanjani akishangilia, akamsahau kocha Neil Warnock aliyekuwa akingoja kupewa mkono, na mzee yule akamporomoshea matusi mbele ya kamera. Bao lilitoka kwa mchezaji wa Mendes, lakini pointi tatu zilibaki mikononi mwa kipa ambaye hakuna aliyemtaka. Wolves walitwaa ubingwa kwa pointi 99, kisha wakashika nafasi ya saba katika Ligi Kuu misimu miwili mfululizo.

Nottingham Forest nako, Nuno alichukua timu Desemba 2023 ikiwa hatarini kushuka, ikapokonywa pointi 4 kwa kuvunja kanuni za fedha, na bado ikabaki. Msimu uliofuata ilimaliza ya saba kwa pointi 65 na kurejea katika mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1990. Ilishinda Anfield, uwanja wa Liverpool, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu 1969, na Chris Wood, mshambuliaji wa miaka 33, alifunga mabao 20 ya ligi.

Wakosoaji wangekuwa na nguvu zaidi kama wangeacha habari za wakala wakajadili Porto na Tottenham. Porto aliyoifundisha msimu wa 2016-17 haikupata kombe lolote. Tottenham ilimwachisha kazi Novemba 2021 baada ya mechi 17, na katika kichapo cha 3-0 kutoka kwa Manchester United haikupiga hata shuti moja lililolenga lango, huku mashabiki wakizomea alipomtoa Lucas Moura. Timu zake hujua kusubiri na kushambulia kwa kushtukiza. Zinapolazimika kumiliki mpira na kuvunja ukuta wa wapinzani, hukwama. Hilo ni kosa la ufundi, na ni lake mwenyewe.

Kuhusu mawakala, FIFA ilileta kanuni mpya mwaka 2023 zenye kikomo cha kamisheni na masharti juu ya mtu mmoja kuwakilisha pande zaidi ya moja, lakini kabla ya mwaka kwisha ilisimamisha vipengele muhimu kutokana na kesi katika mahakama za Ulaya. Pendekezo langu ni la chini zaidi na lingetekelezeka: mmiliki wa klabu asiwe na hisa katika kampuni ya uwakala, hata kupitia kampuni tanzu, na wakala wa kocha asilipwe chochote katika usajili wa timu ambayo kocha huyo anaifundisha. Kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 2017, Fosun wangelazimika kuchagua kati ya hisa zao na Neves, na Nuno angewakuta Coady na Doherty palepale walipokuwa.