Nakala ya hazina za Ubuntu kwa maabara mbili za Nairobi, moja ikiwa haina intaneti kabisa

mlezi_wa_maabara aliuliza:

Hamjambo wakuu. Ninasimamia maabara mbili ndogo ambamo vijana hujifunza kutumia Linux. Ya kwanza iko Kayole, ina mashine ishirini zinazotegemea laini moja ya megabiti 10 kwa sekunde. Ya pili iko Mukuru, ina mashine sita na haina laini yoyote, hivyo kila kinachofika huko hufika ndani ya begi. Zote zinaendesha Ubuntu 24.04 (iitwayo pia noble), na kompyuta zenyewe ni zile zilizokwisha kutumika Uingereza ndipo zikaletwa kuuzwa huku.

Kinachonisumbua Kayole ni kwamba kila mashine hupakua vitu vilevile peke yake. Likitoka toleo jipya la kiini cha mfumo pamoja na kifurushi cha linux-firmware, ambacho peke yake ni mamia ya megabaiti, laini huzibwa na mashine ishirini zinazoomba faili moja, na somo linasimama. Kule Mukuru shida ni nyingine: mwanafunzi akitaka kujaribu programu isiyokuwemo, hana pa kuipata.

Nimesoma kuhusu apt-mirror, debmirror, apt-cacher-ng na apt-offline, vyombo vya kutunza au kubeba vifurushi, lakini kila anayeandika husifia chombo alichokizoea. Je, ninunue diski kubwa ninakili hazina nzima, yaani ghala lote la vifurushi vya programu, au ipo njia nyepesi zaidi? Na je, nakala iliyobebwa kwenye diski, ikapita mikononi mwa watu kadhaa njiani, inaweza kuaminika?

mtunza_seva alijibu:

Mwalimu, hapo una maswali mawili yaliyovaa nguo moja, na ukiyatenganisha jibu linajitokeza lenyewe. Maabara yenye laini inahitaji akiba. Maabara isiyo na laini inahitaji nakala. Kunakili hazina nzima kwa ajili ya Kayole ni sawa na kuhamisha duka zima ili upate kiberiti, kwa sababu hazina ya Ubuntu ina makumi ya maelfu ya vifurushi na mashine zako hazitagusa hata sehemu ndogo yake.

Kwa Kayole, chukua mashine moja iliyo nzima, iunganishe kwenye swichi kwa waya wala si kwa waifai, kisha usakinishe apt-cacher-ng. Programu hiyo hukaa kati ya mashine zako na hazina: mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, hupakuliwa mara moja na kuwekwa ndani ya /var/cache/apt-cacher-ng, na zile kumi na tisa zinazofuata hukipata kwa kasi ya mtandao wa ndani. Kwenye kila mashine utaongeza faili moja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d yenye mstari huu tu, ukibadilisha anwani iwe ya seva yako:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Hazina rasmi za Ubuntu hutumia http ya kawaida, kwa hiyo akiba hufanya kazi bila hila yoyote. Hazina za watu wengine zinazotumia https hazitaingia kwenye akiba hivihivi, na mara nyingi zitakukatalia kabisa mpaka uziruhusu kwenye mipangilio ya seva. Ikiwa wanafunzi huja na kompyuta zao za kubeba, usiwaandikie mstari huo, maana wakifika nyumbani apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu, itaitafuta seva isiyokuwepo na kushindwa. Wasakinishie auto-apt-proxy, ambayo huitumia seva ikiwa ipo na kuendelea bila seva ikiwa haipo.

Pia angalia unakopakulia. Launchpad ina orodha rasmi ya hazina zilizonakiliwa katika kila nchi, na kando ya kila moja imeandikwa kama imesasishwa au imechelewa. Hazina iliyo ndani ya nchi, ikiwa mtoa huduma wako hubadilishana data na wenzake pale KIXP, kituo cha Kenya cha kubadilishana data ya intaneti, haikulazimishi kwenda ng'ambo kwa kebo za baharini. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, tofauti hiyo ilionekana wazi. Hata hivyo acha security.ubuntu.com palepale ilipo kwenye mipangilio ya mashine za Kayole, kwa sababu imetengwa makusudi ili marekebisho ya usalama yasisubiri hazina iliyochelewa.

Kwa Mukuru, nakala kamili ina maana, kwa kuwa umesema wanafunzi hutaka kujaribu wasichokijua bado. Kama ungetaka kusasisha tu mashine sita zinazofanana, apt-offline ingekutosha: mashine isiyo na intaneti huandika orodha ya inachohitaji, unaipeleka orodha Kayole, unarudi na furushi moja. Lakini orodha hiyo haiwezi kubashiri mwanafunzi ataomba nini wiki ijayo.

Mimi hupendelea debmirror kuliko apt-mirror, kwa kuwa hukagua saini ya hazina inaponakili na hufuta yenyewe vifurushi vilivyopitwa na wakati, ilhali apt-mirror hukuachia hati ya kusafisha ambayo wengi husahau kuiendesha hadi diski ijae. Amri yenyewe ni hii:

`debmirror --arch=amd64 --dist=noble,noble-updates,noble-security --section=main,restricted,universe,multiverse --nosource --method=http --host=archive.ubuntu.com --root=ubuntu --keyring=/usr/share/keyrings/ubuntu-archive-keyring.gpg --progress /mnt/hazina/ubuntu`

Iendeshe kwanza ukiwa umeongeza --dry-run ili ujue ukubwa kabla hujajifunga. Ukiacha misimbo chanzo na kubaki na amd64 (vichakataji vya kawaida vya biti 64) pekee, diski ya terabaiti 1 inatosha. Muda ndio utakaokuchosha, kwani kila gigabaiti 100 kwenye laini ya megabiti 10 huchukua takriban saa 22 hata kama hakuna mwingine anayeitumia. Anza Ijumaa jioni. Umeme ukikatika katikati, irudie amri ileile na itaendelea na yaliyobaki, maana haipakui tena faili ambayo tayari iko kamili.

Kuhusu kuaminika, usiwe na hofu ya mikono iliyobeba diski. Faili ya InRelease imetiwa saini na Ubuntu. Ndani yake mna alama za SHA256 (hesabu inayobadilika faili ikibadilika) za faharasa, yaani orodha za vifurushi, na ndani ya faharasa mna alama ya kila kifurushi. Mtu akibadilisha hata baiti moja njiani, apt ya Mukuru itakikataa kifurushi hicho, kwa sababu ufunguo wa kukagua saini umo ndani ya mashine zenyewe tangu siku ya kusakinishwa. Ulinzi huo hupotea siku utakapoandika trusted=yes, yaani "amini bila kukagua", ili kunyamazisha onyo. Ukiona mwongozo unaokuambia ufanye hivyo kwa nakala ya hazina rasmi, ufunge.

bawabu_wa_debian alijibu:

Nakubaliana na mtunza_seva, ila naongeza jambo kwa wanaotumia Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, kwani nina hakika watakuja kuusoma uzi huu. Faharasa za usalama za Debian zina tarehe ya mwisho, Valid-Until, ambayo ni siku 7 tangu zitolewe. Diski ikikaa begini zaidi ya hapo, apt hukataa kuisoma. Dawa ni kuandika `Check-Valid-Until: no` kwenye chanzo hicho kimoja, wala si kuizima kwa mfumo mzima. Tarehe hiyo haikuwekwa bure: humzuia mtu asikulishe faharasa ya zamani yenye saini halali, ili uendelee kutumia programu ambayo kasoro yake inajulikana. Ukiizima, kazi ya kuhakikisha diski inasasishwa inakuwa yako. Ubuntu haiweki tarehe hiyo, kwa hiyo Mukuru hapatatokea onyo lolote hata nakala ikiwa ya mwaka jana, na kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi.

Jambo la pili, usinakili hazina kwa rsync (chombo cha kunakili faili) ya mkupuo mmoja. Faharasa mpya ikifika kabla ya vifurushi vyake, mteja ataomba faili ambayo haijafika. Vifurushi hutangulia na faharasa hufuata mwishoni. Debmirror huufuata mpangilio huo bila kuambiwa.

dada_wa_terminali alijibu:

Hakuna aliyetaja snap, aina nyingine ya vifurushi isiyopitia apt, na ndiyo itakayowakwaza wanafunzi wa kwanza. Tangu Ubuntu 22.04, kifurushi cha firefox kilichomo kwenye hazina ni ganda tu linaloita snap, na katika 24.04 thunderbird nayo imefuata njia hiyo. Unaweza kuwa na hazina yote kwenye diski na bado ukashindwa kusakinisha kivinjari, kwa sababu snap hutoka kwenye duka lake, ambalo debmirror hailijui. Ukiwa Kayole endesha `snap download firefox`, utapata faili mbili, moja ya .snap na nyingine ya .assert. Zibebe zote mbili. Mukuru anza na `snap ack` kwa ile ya .assert, kisha `snap install` kwa ile ya .snap. Ukisahau hatua ya `snap ack`, itakataa kusakinisha kwa kuwa haina saini ya kukagua. Fanya vivyo hivyo kwa misingi ambayo snap hiyo huitegemea, kama vile core ya toleo inalohitaji na mingineyo. Amri ya `snap info --verbose` na ujumbe wa makosa vitakuonyesha kinachokosekana.

mlezi_wa_maabara alijibu:

Nawashukuru nyote. Akiba ya Kayole imeshaanza kazi, na kwenye ukurasa wa ripoti wa apt-cacher-ng naona maombi mengi yakijibiwa bila kutoka nje. Diski nayo imejaa na nimeifikisha Mukuru, nikaiunganisha kwenye mashine moja inayoigawa hazina kwa wenzake kupitia seva ya wavuti ya nginx.

Mashine nne zilisasishwa bila tatizo. Mbili zimegoma na kuandika kwamba faili ya Release haijaanza kuwa halali, yaani eti imetolewa siku zijazo. Diski ni ileile, swichi ni ileile. Nifanyeje?

mtunza_seva alijibu:

Endesha `date` kwenye hizo mbili na utaona ziko mwaka gani. Betri ya ubao mama imekufa, jambo la kawaida kwa mashine kuukuu, hivyo kila zinapozimwa ukutani saa hurudi nyuma. Palipo na intaneti, mfumo hujirekebishia saa kabla hujatambua. Mukuru hakuna wa kuirekebisha, na apt inakuwa sahihi kukataa faili iliyotiwa saini katika siku ambayo, kwa mujibu wa mashine, bado haijafika.

Nunua betri za CR2032, ambazo kwenye maduka ya Luthuli Avenue hazikosekani, na ubadilishe zote sita hata kama nne bado zinafanya kazi. Kisha sakinisha chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye mashine inayogawa hazina, uiandikie `local stratum 10` pamoja na mstari wa `allow` wenye anwani za mtandao wako, na uzielekeze nyingine zichukue saa kutoka kwake. Saa ya mashine hiyo ilinganishe na simu yako kila unapofika na diski, kabla ya kuichomeka.