Machweo Irente kesho, tutoke Lushoto mjini saa ngapi?

pilipili_manga: Wakuu habari za usiku. Tuko Lushoto na washkaji, tumekuja kwenye harusi, sasa leo mezani mmoja akasema kesho twendeni Irente, kule kwenye mwamba wa kutazamia mandhari, kwa miguu tukapige picha jua likizama, wote tukakubali palepale. Nina kamera na lenzi ndogo iliyokuja nayo, wenzangu wana simu. Kinachonisumbua nikimpiga mtu jua likiwa nyuma yake anatoka mweusi tii, nikitafuta sura yake anga lote linakuwa jeupe. Nifanyeje? Na kurudi usiku kukoje kwa wageni?

msambaa_halisi: Karibuni sana milimani dada. Ni kama kilomita 6 na kuna kupanda, mkiwa watu wa stori njiani tokeni saa 9 na nusu. Jua linazama kwenye saa 12 na nusu hivi, inasogea kidogo kulingana na mwezi. Piteni Irente Farm mnunue mkate na jibini yao, mle kule juu. Ukisimama pale kwenye mwamba chini yako ni Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, halafu nyika ya Umasaini inaenda mpaka macho yanachoka, mimi nimezaliwa huku na bado napapenda mno. Bebeni masweta, jua likishazama tu baridi inashuka.

lenzi_na_mwanga: Dada kamera haiwezi kushika anga kali na sura iliyo kivulini kwa pamoja, lazima uchague. Nusu saa kabla jua halijazama wageuze wenzako walitazame jua, wewe lipe mgongo, hapo ngozi inapata ule mwanga wa dhahabu na huhitaji flashi. Likifika chini kabisa ndio wawe vivuli kwa makusudi, ila waachane nafasi, mikono isigande mwilini, wakibanana wanatoka kama kichuguu. Wa simu waguse sehemu ya anga pembeni ya jua, washikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha washushe mwanga. Kwenye kamera weka ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga, hapo uko chini), f/8 (tundu la lenzi dogo kiasi), piga RAW, yaani faili ghafi utakayoirekebisha baadaye.

Na jamani msikimbie jua likishazama!! Rangi nzuri mara nyingi zinakuja baada ya hapo, ila huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima kwa hiyo mna kama dakika 20 tu giza liingie. Weka kamera juu ya jiwe, tumia taima ya sekunde 2 isitikisike.

pilipili_manga: Asante sana mkuu, hiyo ya kuwageuza sikuwahi kuifikiria kabisa. Vipi kukiwa na ukungu?

lenzi_na_mwanga: Nendeni tu. Vumbi likiwa jingi kule nyikani jua linafifia kabla halijagusa upeo, ndio maana nasema muwahi, msitegemee dakika ya mwisho.

msambaa_halisi: Kurudi kwa miguu inawezekana, njia inajulikana, mkiwa na tochi na mkatembea pamoja.

kahawa_chungu: Hapo sikubaliani, ni wageni hawa. Ongeeni na bodaboda mapema mchana, mpatane bei, wawafuate saa 1 na robo. Na anayepiga picha asirudi kinyumenyume akitafuta nafasi, pale ukingoni ni mteremko wa mamia ya mita. Mmoja wenu asishike kamera kabisa, kazi yake iwe kuangalia miguu ya wenzake.

pilipili_manga: Sawa, boda tunaongea nao asubuhi. Picha nitazileta hapahapa.