Mrejesho: Multimita isiyojibu amri kupitia mtandao

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini multimita yangu ya mezani (kifaa cha kupima umeme), niliyoiunganisha na kompyuta kwa waya wa mtandao kupitia poti 5025, ilikaa kimya kila nilipoiuliza *IDN?, yaani amri ya kukitaka chombo kijitambulishe. Mlinielekeza niongeze alama ya mstari mpya mwishoni mwa kila amri, na kweli ikajibu papo hapo, kwa kuwa bila alama hiyo chombo huendelea kungoja kikidhani amri haijakamilika.

Hata hivyo, READ?, yaani amri ya kupima na kurudisha jibu, iliendelea kukwama. Nilikuwa nimeweka muda wa kupima kuwa mizunguko 100 ya umeme, ambayo kwa gridi yetu ya hezi 50 ni sekunde 2 kamili kwa kila kipimo, na zaidi ya hapo chombo kinapojisahihisha sifuri, ilhali PyVISA, maktaba ya Python ya kuwasiliana na vyombo vya vipimo, husubiri milisekunde 2000 tu isipoelekezwa vinginevyo. Programu ilikata tamaa, ikatuma swali jingine kabla jibu la kwanza halijatoka, na SYST:ERR?, amri ya kuuliza kosa lililotokea, ikarudisha -410, yaani swali limekatizwa. (Mimi nililaumu waya, nikapoteza fedha kununua mwingine.) Sasa nimeweka muda wa kusubiri kuwa milisekunde 10000, na vipimo vinafika vyote.