MJADALA: Hela ya watoto viziwi ijenge bweni, au tufundishwe lugha ya alama sisi wazazi kwanza?

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika nikiwa hapa Uyole, Mbeya. Wiki iliyopita kwenye kikao cha wazazi tuliulizwa hivi, ikipatikana hela ya kusaidia watoto viziwi tungependa iende wapi, karibu wote wakasema bweni, lijengwe bweni. Mi nikanyoosha mkono nikasema waanze na sisi wazazi. Mzee mmoja akanijibu, "mama, kwani wewe hutaki mwanao asome?" Iliniuma, nikakaa. Naomba nijieleze hapa vizuri alafu na nyie mseme.

Mwanangu ana miaka 9. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka na miezi miwili, akapona, tukamshukuru Mungu, hatukujua kumbe masikio yamekwenda. Nikampeleka zahanati mara mbili nawaambia nikimwita haitiki, nikaambiwa watoto wa kiume wanachelewa kuongea, we subiri. Nimesubiri mpaka ana miaka minne ndo akaja kupimwa, nikapewa karatasi kwamba hasikii. Basi. Hamna aliyeniambia usiku ule nikifika nyumbani naongea naye vipi. Akakaa hivyohivyo mpaka miaka 7 alipopata nafasi shule ya viziwi Njombe, ile safari ya kushuka Makambako kuunga gari nyingine.

Na sisemi bweni baya jamani. Mtoto alienda hana hata jina la kitu kimoja, akarudi likizo mikono haitulii, ana stori za wenzake, anacheka. Shida ikawa sisi.

Likizo ya Juni asubuhi moja akanifuata jikoni, anagusa shingo alafu anafanya ishara na mikono, anarudia tena na tena. Nikampa maji, akasukuma kikombe. Nikamwekea chai akasukuma ikamwagikia unga. Bibi yake akasema kwa Kinyakyusa huyu kadekezwa huko bweni, na mimi nikamchapa. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye magunia ya viazi, hakuja tena kunionyesha kitu siku nzima. Usiku anaungua homa, nammulika mdomoni na tochi ya simu, tonsesi zimevimba zinataka kugusana. Kesho yake nikampigia mwalimu wake simu ya video nikamfanyia ile ishara aliyokuwa anafanya. Mwalimu akasema mama, hiyo ni "inauma".

Sasa niambieni, bweni lingenisaidia nini asubuhi ile?

Mtoto anayesikia anafika darasa la kwanza ameshasikia maneno miaka sita saba, nyumbani, sokoni, kanisani, hakuna aliyekaa kumfundisha. Wangu alianza na sifuri, na ile miaka ya mwanzo ndo lugha inaingia yenyewe, ikipita inakuwa kazi kweli kweli. Tafiti za Marekani zinaonyesha zaidi ya watoto 90 kati ya 100 viziwi wana wazazi wanaosikia, yaani watu kama mimi ambao hatujawahi kukutana na lugha ya alama maishani. Tusipofundishwa sisi, mtoto anasubiri shule ndo apate lugha, na akirudi nyumbani inakuwa kama amerudi ugenini.

Ninachotaka ni kidogo tu. Siku mtoto anapopimwa mzazi asiondoke na karatasi peke yake, apewe pia mtu wa kumfundisha ishara. Wapo watu wazima viziwi humuhumu mkoani, hiyo ndo lugha yao ya kila siku, halmashauri iwalipe wakae na sisi Jumamosi mbili kwa mwezi pale ofisi ya kata, mama, baba, bibi, na watoto wa jirani wanaocheza naye. Nao wangepata kipato.

Nilipita Iringa pale Neema Crafts, karakana iliyoanza 2003 na vijana viziwi, mgahawani unahudumiwa na viziwi unaandika oda yako kwenye karatasi. Nikaona mgeni mzungu anamshukuru mhudumu kwa ishara, nikatoka nje nikalia, maana mimi mwanangu nilikuwa sijui kumwambia hata asante.

NYONGEZA: Mliouliza kwa nini asifanyiwe upasuaji wa kuwekewa kifaa cha kusikia, ni kweli Muhimbili wanafanya tangu 2017, ila gharama yake siiwezi, na baada ya upasuaji kuna mazoezi ya kusikia na kuongea ya muda mrefu, Dar kwetu ni zaidi ya kilomita 800. Mwenye uwezo afanye. Hata huyo bado kuna siku kifaa kitazimika, mtaongea na nini? Na aliyesema wazazi wa vijijini wako bize na mashamba hawatakuja, mbona kliniki ya watoto tunaenda kila mwezi tena kwa miguu?

Bibi yake sasa hivi anajua ishara 11, tumefundishwa na mtoto mwenyewe. Wenye watoto viziwi Mbozi, Chunya, Makete, Mufindi, naomba mje mseme, nyie nani aliwafundisha?