WordPad imepotea kwenye Windows 11, nyinyi mnataipia nini siku hizi?

steshenari_wandegeya
Wadau habari zenu. Nina kakompyuta hapa dukani, ramu ni GB 4 tu, juzi kalijiapdeti hadi 24H2 (toleo jipya la Windows 11) na sasa WordPad, ile programu ya kuandikia iliyokuwa inakuja na Windows, siioni, nimeitafuta weee. Kazi zangu barua za kuomba kazi, CV, mikataba ya nyumba, mteja kasimama hapo ananisomea na mi nataipu. Niweke LibreOffice, Google Docs ama nibaki na Notepad?

fundi_arua
Hujaharibu kitu ssebo, wameitoa wenyewe. Microsoft walitangaza 2023 kwamba wameachana nayo. Imekuwepo tangu Windows 95! Na Notepad kwa CV usijisumbue, huwezi hata kuweka kichwa katikati ya karatasi.

dada_jinja
LibreOffice. Kuidownload inakula bando kweli, zaidi ya MB 300, lakini ni mara moja, halafu unaiweka kwenye flashi unawapa na majirani, ni bure kabisa. Watu mnaililia WordPad kama marehemu 😂 ilikuwa haikagui spelling, mimi niliprinti barua ya mtu imeandikwa "aplication" p moja, juu kabisa kwa herufi nene, karudi amefura nikamprintia upya bure. LibreOffice ina hadi kamusi ya Kiswahili.

boda_wa_kodi
LibreOffice kwa ramu 4, na labda diski ya zamani? Unaklik, unaenda kununua rolex (chapati ya mayai), unarudi ndo inafunguka. WordPad ilikuwa hujatoa kidole ishafunguka. Google Docs nayo kama hukuwasha ofulaini mapema, mtandao ukikata umekwama na mteja anakuangalia.

fundi_arua
Kuna njia, kama una mashine yenye Windows 10 ingia C:\Program Files\Windows NT, kopi folda ya Accessories uipeleke kwa hiyo mpya, inafanya kazi. Usiichukue kwa visaiti vya ajabu tu, utaleta virusi dukani.

steshenari_wandegeya
Na wanaoniletea docx, mafaili ya Word, kwa flashi?

dada_jinja
WordPad inazifungua, ila ukisevu juu yake vitu vingine vinapotea, footer, yale maandishi ya chini ya ukurasa, kwa mfano. Ya mteja fungulia LibreOffice tafadhali.

steshenari_wandegeya
Basi naweka zote mbili, barua fupi WordPad, za watu LibreOffice. Fundi hiyo folda naipataje, mashine yangu ya Windows 10 niliiuza 😅