Feni ya hita na AC inazunguka namba 4 tu, na resista mpya imeungua tena

Swali (Makambako)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Ninatumia gari dogo la Kijapani la mwaka 2004, ambalo swichi yake ya feni ni ile ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 4. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba huwezi kutoka asubuhi bila hita, kwa sababu kioo cha mbele hujaa ukungu kwa ndani, na nikishuka Dar es Salaam kikazi AC inakuwa ya lazima. Kwa hiyo feni hii haipumziki mwaka mzima.

Tatizo lilianza mwezi Machi. Namba 1, 2 na 3 zilikufa kwa pamoja, ikabaki namba 4 inayovuma kiasi kwamba hatusikilizani garini. Fundi alisema ni resista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, nikanunua ya mtumba, ikafungwa, namba zote zikarudi. Baada ya wiki tatu ikaungua. Nikanunua nyingine, mpya kabisa, nayo haikumaliza mwezi. Nilipoichomoa niliona soketi yake imegeuka kahawia upande mmoja na plastiki yake imelainika kama nta. Sasa fundi anashauri aunganishe waya juu ya kile kipande cha resista kilichokatika ili kisisumbue tena. Kabla sijakubali, ninaomba kueleweshwa: kwa nini resista zinaungua mfululizo, na nianze kupima wapi?

Jibu la kwanza (fundi umeme wa magari, Morogoro)

Ndugu yangu, huo waya ukatae. Kile kipande kilichokatika ni fyuzi ya joto. Kimewekwa pale makusudi ili kikatike kabla plastiki iliyo chini ya dashibodi haijashika moto. Vivyo hivyo, asije mtu akakuwekea fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi.

Namba 1 hadi 3 hupunguza kasi ya mota kwa kuupitisha umeme kwenye koili za resista, na kinachozuiwa pale hugeuka joto. Namba 4 huzikwepa koili zote, ndiyo maana hubaki hai wenzake wakifa. Joto hilo huondolewa na upepo wa feni yenyewe, kwani resista huchomekwa ndani ya njia ya hewa. Sasa mota ikichoka, bushi zake zinazobeba mhimili zikakauka, huvuta umeme mwingi huku ikizunguka polepole, na hapo resista huumia mara mbili: inabeba mzigo unaoizidi, na upepo wa kuipoza ni haba. Kwa maelezo yako ninaishuku mota kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na kazi isiyohitaji kifaa. Zima gari, shusha droo iliyo mbele ya abiria, utoe filta ya AC uitazame. Chini yake kuna mota, ambayo mara nyingi hushikwa na skrubu tatu. Chomoa soketi yake, zungusha kizimba cha feni kwa kidole: kinatakiwa kiende mizunguko kadhaa chenyewe na kusimama taratibu. Kikisimama pale pale ulipokiachia, au kikikwaruza, jibu unalo mkononi.

Ukitaka uhakika, tafuta mtu mwenye mita ya kubana waya inayopima umeme wa DC. Ninasisitiza DC, kwa sababu nyingi za bei nafuu hupima umeme wa nyumbani tu, na mtu akiibana kwenye waya wa gari itasoma sifuri naye ataamini. Washa injini, weka namba 4, bana waya mmoja wa mota. Kwa uzoefu wangu, mota nzima ya gari la ukubwa huo huvuta amperi kumi na kitu. Ikivuka 20, usiifungie resista nyingine. Na upime filta ikiwa imetolewa. Wengi hudhani filta iliyoziba huongeza mzigo wa mota, kumbe feni ya aina hii ikizibiwa hewa huvuta umeme kidogo zaidi, kwa hiyo mota mbovu inaweza kujificha nyuma ya filta chafu. Ubaya wa filta iliyoziba ni kuinyima resista upepo.

Jibu la pili (Limuru)

Ninakubaliana na fundi kuhusu mota, ila soketi asiipuuze. Vishikio vyake vikishapata joto hulegea, mguso unakuwa hafifu, na mguso hafifu huzalisha joto lake wenyewe hata mota ikiwa mpya. Mimi nilibadilisha mota nikaacha soketi ya zamani, na baada ya miezi miwili nilinusa plastiki ikiungua nikiwa kwenye foleni na watoto nyuma. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, ufunge soketi nyingine kwa vibanio vyake. Kusokota waya na kuzungushia utepe hakutoshi kwa umeme mwingi kiasi hicho.

Kipimo kingine ni hiki. Kwenye magari mengi ya Kijapani yenye swichi ya namna hiyo, umeme chanya huifikia mota moja kwa moja kutoka kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), na resista pamoja na swichi zimekaa upande wa hasi. Weka feni namba 4, mita iwe kwenye volti, ncha moja iguse waya hasi wa mota na nyingine bodi ya gari. Inatakiwa isome sehemu ndogo tu ya volti moja. Ikisoma volti moja nzima au zaidi, kuna swichi, soketi au waya wa bodi unaokula umeme njiani, na mota haina hatia ya hilo.

Jambo la mwisho, namba ndogo zikiwa zimekufa usibonyeze AC ukiwa kwenye namba hizo. Kwenye baadhi ya magari kompresa, pampu ya gesi ya AC, hupata ruhusa kutoka kwenye swichi ya feni, na swichi haijui kama feni inazunguka kweli, kwa hiyo baridi hukusanyika pasipo hewa na koili ya AC inayopoza hewa ndani hushika barafu. Barafu hiyo niliijua nikiteremka Mai Mahiu, filta ikiwa imeziba: feni ilisikika ikivuma lakini upepo ulikatika kabisa. Nilizima AC, na baada ya dakika kumi hivi maji mengi yalidondoka chini ya gari, upepo ukarudi.

Mwuliza swali amerudi

Ninawashukuru sana. Nimeshusha droo Jumamosi. Filta niliyoitoa bado ilikuwa na maandishi ya Kijapani, maana yake tangu gari lishuke melini hakuna aliyeigusa, na juu yake palikuwa na tandiko la majani ya misindano unene wa vidole viwili. Mengine yalipenya hadi kwenye kizimba cha feni. Niliyasafisha yote nikazungusha kwa kidole: nusu mzunguko, kikasimama, pamoja na mlio kama wa bawaba ya mlango. Mita ya kubana nilimpata nayo fundi mmoja wa Njombe, ikasoma amperi 23. Tulifunga mota ya mtumba tuliyoipima kwanza ikiwa mezani, sasa inasoma 13, na soketi tumebadilisha. Volti upande wa hasi ni 0.2. Nimeweka resista nyingine na namba zote zinafanya kazi.

Limebaki moja. Upepo sasa upo wa kutosha, lakini asubuhi hita inatoa hewa ya uvuguvugu tu hata nikiwa nimeendesha nusu saa, na sindano ya joto haifiki katikati. Je, ni feni tena?

Jibu la fundi, Morogoro

Feni imemaliza kazi yake, hapo sasa ni maji ya injini, ambayo ndiyo huipa hita joto. Ninaomba uulize kama gari lako limewahi kutolewa thamostati, ile valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Mafundi wengi wa maeneo ya joto huitoa wakidhani wanaikinga injini, nalo gari likipanda Makambako injini haipati moto hata siku moja. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kagua kwanza kiwango cha maji, kisha washa na ushike bomba linalotoka kichwa cha injini kwenda kwenye rejeta. Likianza kupata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi; ikiwa nzima, bomba hubaki baridi kwa dakika kadhaa kisha hupata moto ghafla. Nunua inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, au iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na utumie kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupoza injini, badala ya maji ya bomba, kwani kutu ikiziba rejeta ndogo ya hita itabidi dashibodi yote ishuke.