Mrejesho: Koili ya shaba ya tangi la lita 300

Niliuliza koili (bomba lililokunjwa mizunguko) ya bomba la shaba la milimita 22 iwe na urefu gani ili ipashe lita 300 za maji ya kuoga katika nyumba ya wageni hapa Njombe, kwa kutumia maji ya moto yanayozunguka kutoka kwenye bwela (chombo cha kuchemshia maji) la kuni. Nawashukuru wakuu mlionijibu. Koili imefungwa na inafanya kazi.

Kupandisha maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi 60 kwa saa 2 kunahitaji takriban kilowati 7.9. Hoja iliyonifaa zaidi ni ile ya tofauti ya joto: maji ya bwela yakiwa na wastani wa nyuzi 75, tofauti huanza na 60 na kuishia 15 tu, kwa hiyo wastani wake wa kilogaridhimu (unaozingatia kwamba tofauti hupungua haraka mwanzoni na polepole baadaye) ni kama nyuzi 32, wala si 37.5 inayopatikana kwa kujumlisha na kugawa kwa mbili. Kwa kukadiria kwamba kila mita ya mraba hupitisha wati 400 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kadirio la tahadhari kwa koili iliyozama katika maji yaliyotulia, nilipata mita za mraba 0.6, yaani karibu mita 9 za bomba.

Fundi alikunja mita 11, kwa kuwa maji ya kisima chetu huacha ukoko mweupe hata kwenye birika, na ukoko huo huzuia joto. Koili imekaa chini kabisa ya tangi, mahali yalipo maji baridi zaidi. Saa 2 zinatosha, isipokuwa kuni zikiwa mbichi.